Pua ya Shemeji

Shemeji yangu aliitwa Pua, na jina hilo alilipenda kuliko lile alilopewa na wazazi wake. Ukimwita kwa jina la wazazi anageuka kwa uvivu. Ukimwita Pua anaitika huku meno yote yako nje.

Mimi ni mdogo wa mke wake. Nabadilisha zipu na kurekebisha mikoba kwenye kibaraza cha karakana yake, mlango mmoja, paa moja, kwa hiyo haya sikusimuliwa. Kama unatafuta mtu wa kumsifu, umepotea njia. Mazuri yake nitayasema, maana yapo, ingawa yananikaba kooni.

Kazi yake ilikuwa kuunga plastiki za kioo, zile zinazopitisha mwanga: droo za friji, vioo vya taa za pikipiki, vifuniko vya mashine za kusagia matunda, masanduku ya kuonyeshea bidhaa madukani. Ni kazi ngumu kwa sababu haina pa kujificha. Ubao ukiuunga vibaya unapaka rangi, mteja anaenda zake anafurahi. Plastiki ya kioo ukikosea, kosa linakaa pale pale linakutazama, na mteja naye analitazama.

Watu wengi wakivunjikiwa wanakimbilia supaglu. Inashika upesi, lakini inaacha ukungu mweupe kandokando ya ufa, na ukigonga kidogo inaachia. Ile gundi ya mirija miwili, unayochanganya huku na huku, inashika kweli, ila ikikaa inageuka manjano kama meno ya mvuta sigara. Kazi safi inafanywa na dawa inayoyeyusha plastiki yenyewe. Unakutanisha pande mbili za ufa, unaweka tone kwa sindano, dawa inajipenyeza yenyewe, inalainisha huku na huku, pande zinashikana zinakuwa kitu kimoja, halafu dawa inapaa zake hewani. Ukiangalia huoni palipovunjika. Shida ni kwamba plastiki ziko nyingi na kwa macho ni pacha. Dawa inayoiponya hii inaiua ile. Kwanza uijue plastiki, ndipo uchague dawa. Ukianza na dawa, umekwisha.

Hapo ndipo alipopatia jina. Alikuwa anakwangua kijipande kidogo pembeni ya kitu, anakishika kwa koleo, anakipitisha kwenye moto wa kibatari, anakizima kwa kukipuliza, halafu anafumba macho na kunusa. Ikinukia matunda yaliyoiva, hiyo ni ile ya masanduku ya madukani. Ikitoa masizi meusi na harufu ya maua, hiyo ni ya droo za friji. Ikinuka kama dawa ya kusafishia wodi, ni ya vioo vya taa. Mteja amesimama pale mdomo wazi. Na alikuwa hakosei, hilo nakubali. Nilitamani sana akosee, sikuwahi kumwona.

Chupa zake za dawa zilikuwa za rangi ya kahawia, zote sawa, hakuna hata moja yenye maandishi. Moja asetoni, ile ile ya kutolea rangi ya kucha. Nyingine klorofomu, nzito, yenye harufu tamu inayobaki nyuma ya koo. Nyingine spiriti ya kufutia. Hakuandika kitu kwa makusudi. "Nikiandika," alisema, "kila mwenye macho atakuwa fundi." Dada yangu ndiye aliyekuwa anapiga msasa na kung'arisha, yaani kazi yote inayovunja mabega. Siku moja alifunga uzi mwekundu kwenye shingo ya chupa ya klorofomu ili asikosee akitumwa. Pua aliukata kwa wembe mbele ya wateja akasema, "Mke wangu, wewe pua yako Mungu alikupa ya kupengea tu." Wateja walicheka. Dada naye alicheka, kwa sababu ukiwa katikati ya watu wanaokucheka utafanya nini.

Mlango wa pili kulikuwa na fundi simu, kijana mpole sana. Yeye akitaka kuijua dawa anadondosha tone kwenye kikombe cha maji. Klorofomu inazama, inatulia chini kama ushanga. Asetoni inachanganyika na maji, huioni tena. Njia nyepesi, ya uhakika, haidai kipaji cha mtu. Pua alimkuta na kikombe chake akamwuliza, "Kijana, unaunga au unafua?" Tangu hapo mtaa mzima ukamwita Dobi. Mwishowe hata mama yake mzazi alimwita Dobi.

Pua na dada walikuwa na mtoto mmoja tu, binti, tuliyemwita Chiriku kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika. Alikuwa anasimulia hata ndoto za watu wengine. Kila asubuhi alimpelekea baba yake chai karakana, na njiani anaongea na kikombe.

Sasa kile kibatari kilikuwa hakizimwi. Kukiwasha kila mara kulimchosha bwana mkubwa, basi kilikaa kinawaka mezani, ubavuni mwa matambara yaliyolowa dawa. Dada alisema. Mimi nilisema. Dobi alisema, akaambiwa arudi kwenye nguo zake. Asubuhi moja tambara likashika moto mkononi mwa Pua, na Pua, badala ya kuliachia chini akalikanyaga, alilirusha. Hakutazama analirushia wapi. Chiriku alikuwa ndiyo anaingia na chai. Lilimkuta shavuni, likashuka mpaka kidevuni na shingoni.

Baadaye aliwaambia watu kwamba tambara "liliruka". Tambara lina miguu? Nilikuwepo. Liliruka kwa sababu mkono wake uliona moto ukataka kujiokoa wenyewe, na ukajiokoa vizuri, haukubaki hata na alama.

Dada hakumpiga wala hakumtukana. Alifunga mdomo. Kuanzia siku ile alizungumza na mumewe maneno ya kazi na ya chakula tu: lete, chukua, kiko mezani. Usiku analala upande wa mtoto. Nilimwambia, dada yangu, mpasulie ukweli utapumua. Akaniambia, "Nikianza sitanyamaza."

Hospitali walimtibu Chiriku, ngozi ikashika, lakini kovu likaanza kunenepa na kuwa gumu. Wakamtengenezea barakoa ya plastiki ya kioo. Walichukua umbo la uso wake kwa plasta ya maji, wakayeyushia plastiki juu ya umbo lile kwa mashine, ikatoka kitu chembamba, kinachoonyesha ngozi yote chini, chenye mashimo ya macho, pua na mdomo, na mikanda ya kufungia nyuma ya kichwa. Kazi yake ni kulibana kovu lisivimbe. Avae mchana na usiku, aivue akila na akioga. Muuguzi wa wodi ya walioungua alitueleza bila kuzunguka: "Kovu likikosa kubanwa kabla halijatulia, litavuta pembe ya mdomo kwenda chini. Likishavuta, kurudisha ni kisu, na kisu nacho kinaacha kovu. Muioshe kwa sabuni na maji. Asetoni isiisogelee kabisa." Pua alikuwepo. Alitikisa kichwa kama mtu anayefundishwa kupumua.

Na barakoa ilifanya kazi. Mdomo wa Chiriku ulikuwa umeshaanza kuinama upande mmoja, ukarudi. Shuleni walimwita Friji. Yeye akawaambia, basi fungueni muone kama kuna soda. Alikuwa anaongea meno yamekaribiana kwa ajili ya ile plastiki, lakini anaongea.

Halafu yakaja mafua. Mafua haya haya ya kawaida, mtaa mzima tuliugua tukapona. Pua naye alipona kila kitu isipokuwa pua. Labda ni mafua, labda zile dawa alizozivuta maisha yake yote zilikuwa zimeshaila, mafua yakamalizia kilichobaki. Mimi nilijua siku aliyokunywa maziwa yaliyochacha, nyumba nzima inanuka, yeye akafuta midomo akasema leo maziwa yana nguvu. Nilitoka nje nikacheka mpaka mbavu zikauma. Mtu aliyemchoma mtoto wa dada yangu, mlitaka nimlilie?

Hakumwambia mtu. Mbele ya mteja alifanya mambo yake yote kama zamani, koleo, kibatari, macho kufumbwa, pumzi kuvutwa. Halafu anasema, "Ngoja nilete msasa," anaingia chumba cha nyuma na kijipande, anamwekea dada puani. "Hebu nusa hii, mafua yamenikaba." Dada ananusa. "Matunda," anasema. Au, "Wodi." Neno moja, anarudi kwenye msasa wake. Pua anatoka nje anamtangazia mteja kwa sauti nene. Mafua yale hayakuisha. Chupa nazo ikawa hivyo hivyo, dada ndiye anachagua, yeye ndiye anasifiwa.

Hakuna siku dada alimdanganya. Narudia, kwa sababu ndilo jambo lenyewe. Kila alichoulizwa alijibu kweli.

Mwanaume mwenye akili angeshukuru. Pua aliingiwa na hofu. Alijitazama akaona jina lake lote limo mdomoni mwa mwanamke asiyezungumza naye, na akajiuliza angefanya nini kama angekuwa yeye. Jibu alilipata bila shida, kwa sababu alijijua. Akaanza kumchunguza. Chakula kikiwekwa hali mpaka amwone dada ametangulia kumeza. Dada aliliona hilo. Alikuwa anachukua tonge, anamtazama usoni, anatafuna polepole mpaka mwisho, halafu anamsogezea sahani. Nilimwuliza, kwa nini humwangushi huyu? Neno moja tu la uongo, kesho hana mteja. Dada akaniangalia kama mimi ndiye nimeharibika. "Akianguka mtoto atakula nini?"

Basi. Shuleni mtoto mmoja alitaka kuona kilichomo ndani ya barakoa, akaivuta kwa nguvu. Ikapata ufa kutoka tundu la pua mpaka karibu na ukingo wa shavu. Dada aliipeleka hospitali siku ile ile. Muuguzi akamwambia mashine ya kuyeyushia imeharibika, wanangoja kipuri, hajui lini. "Ifunge kwa plasta ya kitambaa, nje na ndani, aendelee kuivaa. Itashikilia. Asikae bila kitu." Dada aliifunga vizuri, kingo zimekaa sawasawa. Chiriku akachora nyota kwenye plasta akaendelea na maisha yake.

Ilishikilia. Ingeshikilia hadi kipuri kifike.

Lakini msusi wa ng'ambo ya barabara alimwona mtoto akipita akamtania Pua, "Fundi wa plastiki za kioo, mwanao ndiyo unamfunga kiraka?" Alitania tu, na watu wakacheka kama watu wanavyocheka. Pua alicheka nao, lakini nilimwona shingo imemvimba. Tangu saa ile hakutulia. Kila mtu anayepita mlangoni alimwambia bila kuulizwa, "Ile ya binti naiunga Jumamosi, mje muone. Mtatafuta ufa kwa tochi."

Dada alikataa. Kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alimwambia sentensi nzima. "Usiiguse. Inashika hivyo hivyo, iache."

Jumamosi Chiriku alikwenda kuoga, akaiacha barakoa juu ya taulo. Pua akaichukua. Dada alipotambua na kukimbilia karakana, watu walishajaa ndani, na Pua alikuwa ameshabandua plasta. Aliibandua kwa pupa, plasta ikang'ang'ania, ufa ukakimbia mpaka ukingoni. Barakoa ikawa vipande viwili mezani. Nyuma ya dada akaingia Chiriku, nywele zinadondosha maji, uso wake mtupu mbele ya watu wote wale. Wengine walikuwa hawajawahi kuuona. Walitazama, wakatazama chini, wakatazama tena. Pua alimvutia stuli akamwambia, "Kaa hapa mwanangu, uone kazi ya baba."

Sasa plasta isingetosha tena, hapakuwa na njia nyingine ila kuunga. Dada alilielewa hilo, nami nililiona likimwingia. Pua akasema kwa sauti ya kawaida, "Mama, hebu niletee chupa kule nyuma." Dada akaenda. Akarudi na chupa mbili kwenye sinia, akaziweka mbele yake, akainama kama anayepanga sinia vizuri, akamwambia kwa sauti ya chini, "Ya kushoto ndiyo. Ya kulia ni asetoni, hiyo ya kufutia mikono ukimaliza. Ya kushoto." Mimi nilikuwa mlangoni kabisa, nilisikia. Hata siku ile alimfichia siri yake. Angeweza kusema kwa sauti watu wote wakajua nani ana pua.

Pua akamtazama. Dada alikuwa hana rangi usoni, midomo imebana. Mimi niliona mama anayeogopa. Yeye aliona kitu kingine.

"Una hakika?" akauliza.

"Ya kushoto."

"Haya. Nenda kamchemshie mtoto maji ya kuosha uso, akivaa awe safi."

Dada akasita, akamgusa Chiriku begani, akaenda. Mimi nikarudi kibarazani, kuna mteja alikuwa amenishikia begi lake la safari kama bunduki. Upepo ulikuwa unatoka barabarani unaingia ndani, kwa hiyo puani nilipata vumbi tu, na nilitazama kupitia katikati ya migongo ya watu.

Pua alikutanisha vipande viwili, akavikaza kwa mipira ile ya kufungia noti, akaikaza sana ili ufa ufungike usionekane. Dobi alikuwa karibu na meza. Akasema kwa heshima zote, "Mzee, nikuletee kikombe cha maji?" Maskini alitaka kumsaidia. Alikuwa amemtazama muda mrefu, nadhani alishahisi. Tone moja tu kwenye kile kikombe na mtoto angekuwa na mdomo wake leo. Pua akajibu, "Leo hatufui, Dobi," na watu wakaangua kicheko.

Akafungua chupa. Akaiinua, akafumba macho, akavuta pumzi ndefu kama zamani. "Naam," akasema. Akaingiza sindano, akavuta dawa, akaipitisha juu ya ufa.

Nilijua mambo yameharibika kwa sababu kicheko kilikatika. Niliacha begi la watu nikaingia. Ufa ulikuwa umegeuka mweupe. Halafu ule weupe ukatoka kwenye ufa, ukaanza kutembea kwenye shavu. Pua akaongeza tone. Nataka mlisikie hilo. Aliona weupe, akadhani dawa haijatosha, akaongeza, akaufuata ufa wote mpaka mwisho. Na kwa kuwa aliikaza kwa mipira, plastiki ilikuwa imevutika, ikaanza kupasuka nyufa ndogo ndogo, kila moja na sauti yake, tiki, tiki. Kipande cha kidevu kikaachia kikaanguka sakafuni. Mkononi kwake kilibaki kitu cheupe, kikavu, kinachomeguka ukikigusa.

Dada alirudi amebeba beseni la maji ya moto. Alitazama meza. Hakuhitaji kuambiwa, harufu ilikuwa imejaa chumba kizima.

"Umenidanganya," Pua akasema. Alisema mbele ya watu wote, amemnyooshea kidole. "Mnaona? Huyu mwanamke amenipa dawa mbovu makusudi."

Dada akaweka beseni chini. Akaichukua chupa ya kushoto, akaionyesha. Kizibo kilikuwa mahali pake, vumbi juu yake. "Nilikwambia ya kushoto," akasema. "Hii hujaifungua."

Watu wakatazama chupa ile, wakatazama ile nyingine iliyo wazi. Msusi akauliza, "Kwani anakuuliza wewe? Yeye si ananusa?" Hapo kila mtu akaelewa. Jina lililojengwa maisha yote liliondoka pale pale, mchana kweupe.

Pua alikuwa bado amesimama. Akasema, sasa kwa sauti ndogo, "Nilijua utanidanganya. Ndiyo maana nilichukua nyingine. Mtu yeyote angelipiza kisasi."

"Kwa uso wa nani?" dada akamwuliza.

 Dada akamfunika Chiriku kichwa kwa taulo, akamshika mkono, akampitisha katikati ya watu.

Baada ya hapo ni mambo ambayo mtu anaweza kuyakisia. Wateja walikwenda kwa Dobi, ambaye sasa anaunga plastiki kuliko anavyotengeneza simu, na kikombe chake cha maji kiko mezani kila mtu akione. Kipuri cha hospitali kilichelewa. Dada alijaribu kila kitu, bandeji, kitambaa cha kuvutika, kubana kwa viganja vyake mwenyewe kila alipopata nafasi, ameketi na uso wa mwanawe mikononi mpaka vidole vinakufa ganzi. Kovu lilikuwa na haraka kuliko yeye. Pembe ya mdomo ilikwenda chini, taratibu, kila wiki kidogo, halafu siku moja ikawa imekaa huko.

Mashine ilipopona wakatengeneza barakoa mpya, nzuri, safi. Lakini barakoa inafuata uso ulivyo siku ya kuchukuliwa umbo. Hii ilichukua uso uliokwisha kuvutwa, na kazi yake sasa ni kuuweka pale ulipofika usizidi. Muuguzi alimwambia dada mambo ya kisu yatazungumzwa akikua. Pua hakwenda siku ile. Alisema tumbo linamsumbua.

Pua hakuacha kutafuta mtu wa kugawana naye lawama. Ilikuwa mchana mmoja, tuko mezani wote, Chiriku amevua barakoa ili ale. Pua akaanza wimbo wake: ati watu walijaa mle ndani, Dobi alikuwepo, msusi alikuwepo, wote wana pua, asetoni inanuka mpaka barabarani, mbona hakuna aliyefungua mdomo? Na kweli niliwahi kuwauliza. Msusi alidhani anafuta kwanza. Dobi alisema, mimi ni Dobi, nani angenisikiliza?

"Hata mimi niliisikia harufu," Chiriku akasema.

Dada akaacha kula.

"Uliisikia nini?" Pua akauliza.

"Asetoni. Ulipofungua tu. Nilikuwa karibu, ilinichoma macho." Alikuwa anaongea polepole, kwa sababu siku hizi herufi zinazohitaji midomo miwili zinamtoroka, na hataki kuzirudia. "Nilijua siyo yenyewe. Yenyewe ni ile tamu."

"Sasa mbona hukuniambia, mwanangu?" Sauti ya shemeji ilikuwa imevunjika, na sikumhurumia, nasema kweli, nilimtazama tu. "Mbona ulinyamaza?"

"Ulikuwa umefumba macho unanusa," mtoto akasema. "Nilidhani unajua."

Alisema bila hasira. Akajifuta mchuzi uliokuwa unamtoka pembeni ya mdomo, akamgeukia mama yake akaomba kijiko cha chai, maana kile kikubwa hakiingii tena.